Mnyama Aliyeitwa Siwatu

Katika nchi ile miaka haikupita. Ililaliana, mmoja juu ya mwingine, kama mikeka katika nyumba yenye harusi, na mwaka uliolala chini kabisa ulibeba uzito wa yote wala haukulalamika. Aliyetaka kujua jana ilikuwaje hakumwuliza mtu, alishuka korongoni. Kuta za korongo zilikuwa na mistari, na kila mstari ulikuwa na jina lake. Juu kabisa ulikuwa Udongo wa Leo. Chini yake Mchanga wa Kijivu. Kisha Tabaka la Kombe, mahali ambapo bahari ilikuja, ikakaa, ikaondoka bila kuaga. Kisha Tope Jekundu. Chini ya Tope Jekundu kulikuwa na Tope Jeusi, na huko watu hawakushuka, kwa sababu Tope Jeusi lilitanda kabla hajakuwapo wa kumwita mwenzake, na mtu akikaa huko muda mrefu jina lake hulegea na kudondoka kama kifungo cha shati. Kuta zote pamoja wenyeji waliziita Malalo, maana kila kilichowahi kuishi kilikuwa kimelala humo. Wapimaji, watafutaji wa mifupa ya kale, walipokuja na plasta zao na brashi zao waliandika: Kundi la Malalo. Jina lilikuwa lile lile, ila tangu lilipoandikwa, watu walilitamka kwa sauti ya chini.

Siwatu binti Ngalema alilijua korongo lile kuliko alivyoijua nyumba yake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwachimbia Wapimaji, na miaka yote hiyo alikuwa akila chakula chake cha mchana, muhogo wa kuchemsha na dagaa, juu ya jiwe moja. Lilikuwa jiwe la mviringo, limechomoza kwenye Tope Jekundu kama goti la mtu aliyejifunika shuka. Wenzake walipolikalia kwa utani aliwafukuza, akisema hicho ni kiti chake. Wakakubali. Katika nchi ile kitu ulichokikalia muda mrefu kilikuwa chako, hata kama hukujua ni kitu gani.

Kisha akaja Siwatu mwingine.

Huyu alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, ametoka ng'ambo ya vilima, ana mwendo wa haraka na kicheko kilichotangulia kufika kabla yake. Jina la Siwatu ni jina la kinyongo. Mama hulitoa anapojifungulia mahali asipotendewa utu. Humtazama mtoto, huwatazama waliomzunguka, kisha husema: hawa si watu. Basi wanawake wawili waliobeba kinyongo cha mama wawili walikutana korongoni, na kama ilivyo desturi ya wenye jina moja, wakaitana somo tangu siku ya kwanza. Nasi huyu wa pili tumwite Somo, tusije tukachanganyikiwa kama walivyochanganyikiwa wengine.

Siwatu alimfundisha kila kitu. Alimfundisha kushika patasi kwa vidole vitatu, kupuliza vumbi badala ya kulifuta, kuvika mfupa vipande vya gunia vilivyochovywa plasta kabla ya kuutoa. Alimfundisha pia siri ya ulimi.

"Ukiwa na shaka, lamba," alimwambia. "Jiwe halina haja na wewe, litakuacha. Mfupa una vitundu, una kiu ya miaka mingi. Utaung'ang'ania ulimi wako."

"Na ukikataa kuniachia?"

"Basi mtazikwa pamoja," Siwatu alisema, wakacheka wote wawili. Alimpenda yule binti. Hilo lazima lisemwe hapa, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani hakuwahi kumpenda.

Siku moja ya kiangazi, saa sita mchana, Siwatu alipanda juu kuchota maji. Somo alibaki, akakaa kwenye kiti cha mwenzake, na kwa mchezo tu, kwa sababu kinywa chake hakikuweza kutulia, akainama akalilamba lile jiwe. Siwatu alikuwa akishuka na ndoo kichwani aliposikia sauti ikipaa ukutani.

"Somo! Somo, njoo uone! Kiti chako kimenishika ulimi!"

Haukuwa utani. Kile kiti kilikuwa kichwa cha mfupa wa paja. Walipouchimbua wote, ulimzidi urefu mwanamume mrefu kuliko wote pale kazini. Nyuma yake zikaja mbavu kama boriti za paa. Ukaja mkia, pingili baada ya pingili, mpaka wachimbaji wakaacha kuhesabu. Ikaja shingo, ndefu kiasi kwamba aliyesimama mwanzo wake hakusikika na aliyesimama mwisho wake. Kwa wiki saba korongo lilijaa plasta na nyimbo. Siwatu alichimba pamoja na wengine. Alichimba vizuri kuliko wote. Lakini hakukaa tena chini kula. Alikula amesimama, akitazama pengo lililobaki ukutani.

Siku ya kumpa mnyama jina, Mpimaji Mkuu aliwakusanya watu wote ukingoni mwa korongo. Alikuwa mzee mpole, mwenye kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni, na alizungumza kama mtu anayeogopa kuamsha usingizi wa mtu.

"Watawala wana majumba," alisema, "na majumba huanguka. Matajiri wana makaburi, na makaburi huota nyasi. Lakini jina likipewa mnyama wa Malalo, halitafutika. Watalisoma wajukuu wa wajukuu wenu, katika lugha ambazo bado hazijazaliwa. Desturi yetu ni kumpa mnyama jina la aliyemwona. Kwa hiyo mnyama huyu ataitwa Siwatu."

Vigelegele vikapaa. Siwatu binti Ngalema, ambaye jina lile lilikuwa limemwita kwa miaka hamsini na miwili, alisimama. Hakukusudia. Mwili ulisikia jina lake, ukasimama. Alikuwa tayari ameshapiga hatua mbili mbele, ameshatengeneza kanga yake kifuani, Mpimaji aliponyoosha mkono taratibu.

"Si wewe, mama. Ni yule."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyomcheka mtu aliyepanda ngazi isiyo yake. Somo peke yake hakucheka. Alikuja mbio, akamshika mkono, akasema, "Njoo tusimame wote, somo. Jina ni letu." Na hilo ndilo lililomchoma Siwatu kuliko kicheko. Kugawiwa chake kama sadaka.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Wanakusubiri."

Wivu haukumjia kama moto, ingawa watu wengi husema wivu ni moto. Ulimjia kama tope. Ulimjia polepole, baridi, chembe juu ya chembe, kila siku utando mwembamba usioonekana kwa jicho, mpaka siku moja mtu aligeuka ndani yake mwenyewe akakuta hawezi kusogea. Alipomsikia Somo akicheka, tabaka. Wageni walipofika kumwona Siwatu aliyepata mnyama, wakaelekezwa kwa mwingine, tabaka. Alipokumbuka kwamba kwa miaka kumi na mmoja joto la mwili wake mwenyewe lilikuwa limepita kwenye mfupa ule kila mchana, na mfupa ukanyamaza, ukamngojea mgeni mwenye ulimi wa mchezo, hapo likalala tabaka nene kuliko yote. Kisha akagundua jambo ambalo hakuthubutu kumwambia mtu: kwamba hakumwonea gere Somo tu. Alimwonea gere mnyama.

Wewe umefanya nini, alimwuliza, akiwa amesimama mbele ya mbavu zilizovikwa plasta. Hukulea mtoto. Hukumwuguza mtu. Hukuwahi kusamehe. Ulikula, ukanenepa, ukafa. Ila ulikufa mahali penye tope jema, basi. Hicho ndicho kipaji chako chote. Mama yangu alikufa kwenye mchanga. Aliimba akisaga, aliweza kutambua mvua kwa kunusa kiganja, na mchanga ukamla kwa misimu mitatu, leo siwezi kuonyesha hata mahali. Nani alikuwapo zaidi? Aliyeishi, au aliyebaki? Nijibu. Una shingo ya hatua thelathini, huna hata neno moja la kupitisha humo.

Mnyama hakuwa na kichwa.

Hilo lilikuwa limeanza kuwasumbua Wapimaji. Mpimaji Mkuu alitangaza kwamba jina lilikuwa limetolewa, ndiyo, lakini halingeandikwa mpaka fuvu lipatikane, maana mnyama asiye na kichwa huweza kuwa yeyote. Mvua zilikuwa karibu. Zikinyesha, ukuta ungeanguka, na kazi ingekwisha. Kila mtu akaanza kutafuta kichwa.

Siwatu ndiye aliyekipata. Hakutumia bahati, alitumia miaka yake kumi na mmoja. Mchana mmoja wenzake walipokuwa wamejilaza kivulini, alisoma ukuta kama mtu anayesoma barua, akaona mahali ambapo maji ya zamani yalikuwa yamepinda, na hatua tatu kushoto kwa pengo la kiti chake akachokonoa mara nne. Meno yalitokea kwanza. Yalikuwa membamba, yamepinda kwa nyuma, na kingo zake zilikwaruza kidole. Fuvu lenyewe halikuzidi la punda. Alilamba. Likamng'ang'ania ulimi, naye akasimama hivyo, ameinama, machozi yakimtoka, asijue ni ya furaha au ya uchungu.

Angeweza kuita. Kinywa alikifungua. Lakini aliwaza: nikiita, nitakuwa nimemletea Siwatu kichwa chake, na Siwatu si mimi. Nitakuwa mimi mwenyewe nimeligongea jina lake msumari wa mwisho. Akakifunga kinywa. Akalitoa fuvu upesi upesi, bila kuchora mahali lilipolala, bila plasta, yeye aliyewafundisha wengine kuwa hiyo ni dhambi. Akalifunga kwenye kanga, akapanda nalo juu, akalifukia ndani ya pipa la mtama nyumbani kwake.

Somo alitafuta. Alichimba kulia kwa pengo, akachimba kushoto, akachimba kwa pupa ya mtu aliyeahidiwa umilele kisha akaambiwa asubiri. Aliumaliza ukuta wa Tope Jekundu mahali pale kwa siku tisa, akautupa wote, ndoo baada ya ndoo. Siwatu alimtazama. Siku ya kumi Somo alimjia, macho mekundu kwa vumbi.

"Somo, nimefikiri. Kichwa ni kizito kuliko shingo. Huenda kilizama. Nitashuka Tope Jeusi."

"Huko hakushukwi."

"Nitakaa kidogo tu. Kwani wewe unadhani kiko wapi?"

Hili ndilo swali ambalo Siwatu angelijibu kwa neno moja, na yote yakaishia hapo. Alisema, "Mimi sijui, mwanangu."

Somo akashuka. Jioni alipanda akiwa mweusi hadi kope, akaomba maji, na alipoulizwa nyimbo za kwao alisema kwao hawakuwa na nyimbo. Siku ya pili alipanda akamwuliza Siwatu vile vilima vinaitwaje, vilima alivyovuka kwa miguu yake mwenyewe. Siku ya tatu alisahau namna ya kushika patasi. Aliishika kama mtu anavyoshika mwiko. Watu waliona, wakasema ni uchovu. Siwatu alijua si uchovu. Kila alichokipanda ndani ya binti yule kilikuwa kiking'oka, na chini kabisa ya hofu yake, alipochunguza vizuri, alikuta kitu kidogo kimekaa kinachekelea.

Siku ya nne Somo hakupanda. Siwatu alikwenda hadi mwisho wa Tope Jekundu, akaita chini.

"Siwatu!"

Akaita tena, na mwangwi wa korongo ukamrudishia jina: Siwatu, Siwatu, Siwatu. Halikuwa likimtafuta mtu mwingine. Lilikuwa likirudi kwake peke yake, lote, zima, bila mshirika. Hiki ndicho alichokuwa amekitaka. Alikisikiliza mpaka kilipokoma. Halafu akatelemka Tope Jeusi kwa makalio, akishika mizizi isiyokuwapo.

Alimkuta Somo amekaa, mikono mapajani, anatazama ukuta kwa utulivu wa kutisha.

"Mama," Somo alisema kwa adabu, "umepotea? Mimi pia nadhani nimepotea."

Siwatu alimbeba. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na alimbeba mgongoni mpaka juu, akapita katika Tope Jekundu, Tabaka la Kombe na Mchanga wa Kijivu, akahema kwa kila enzi. Alimlaza nyumbani kwake, akamfunika, kisha akaingiza mikono ndani ya pipa la mtama. Kesho yake mchana kweupe, fuvu likiwa kichwani pake bila kufunikwa, alipita katikati ya watu, mpaka hema la Mpimaji Mkuu.

"Nililipata siku kumi na tano zilizopita," alisema. "Nikalificha. Niliona wivu. Sina neno jingine."

Mpimaji hakumgombeza. Alilipokea fuvu kwa mikono miwili, akaliweka mezani, akavaa kioo chake jichoni. Alitazama kwa muda mrefu. Alilisogeza kwenye pingili ya kwanza ya shingo, akaligeuza, akalisogeza tena, na taratibu akaliweka chini.

"Si la kwake," alisema.

"Bwana?"

"Mnyama wenu alikula majani. Tazama haya meno, mama. Hivi ni visu. Huyu ni mwingine kabisa, alikuja kula mzoga wa yule mkubwa, tope likamkuta mezani." Alivua kioo. "Miaka arobaini nimefanya kazi hii, sijawahi kuona kama huyu. Hakuna aliyewahi. Alikuwa wako. Wako peke yako tangu mwanzo."

Siwatu alikaa chini, palepale kwenye udongo.

"Lakini naweza kumwandika?" Mpimaji aliuliza, na sasa yeye ndiye alikuwa kama anayeomba. "Fuvu lililotolewa mahali lilipolala bila kuchorwa halina umri. Linaweza kuwa la jana, linaweza kuwa la mwanzo wa dunia. Nionyeshe lilipolala. Nionyeshe tabaka lake tu, nitaandika."

Wakaenda. Siwatu alitangulia, karibu anakimbia. Alifika kwenye pengo la kiti chake, akahesabu hatua tatu kushoto, akanyoosha kidole. Alikuwa akionyesha hewa. Ukuta haukuwapo. Somo alikuwa ameumaliza wote, ndoo baada ya ndoo, akitafuta kitu kilichokuwa kwenye pipa la mtama.

Mvua zilinyesha wiki ile. Wapimaji walifunga mizigo. Mwishowe Mpimaji Mkuu aliandika jina la mnyama mkubwa hata bila kichwa, akisema wanyama wengi wakubwa hawakuwahi kupatikana na vichwa vyao, na paja lile lilitosha. Fuvu lenye meno ya visu liliingia sandukuni bila jina, bila umri. Siwatu alinyang'anywa patasi na brashi, akaambiwa asishuke tena korongoni. Hakubisha. Alikuwa na mgonjwa ndani.

Somo alirudi kidogo kidogo, si kikamilifu. Alijifunza upya kuwasha moto na kupika ugali. Kicheko kilirudi kabla ya maneno. Lakini jina lake, vilima, nyimbo, mama aliyemzaa katikati ya wasio watu, hivyo vilibaki chini. Alimwita Siwatu mama, kwa sababu hakuona jina jingine la kumwita mtu anayemlisha.

Asubuhi moja alirudi kisimani amechangamka.

"Mama, hukuniambia! Wanawake kisimani wanasema mnyama mkubwa wa korongoni anaitwa Siwatu, kwa jina la aliyemwona. Si ndilo jina lako?" Alitua ndoo, akamshika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Hongera, mama. Hongera sana! Na ulivyo mnyamavu, mtu hawezi kujua."

Siwatu aliisikia ile hongera ikimshuka kifuani kama maji ya mtungi kwenye jua. Ilikuwa imekuja na kinywa kilekile alichotaka ije nacho. Hapakuwa na wa kuipinga. Watu wa nchi ile walikuwa wepesi wa kusahau, na walioandika walikuwa wameandika neno moja tu, na neno hilo lilikuwa lake tangu kabla ya binti huyu kuzaliwa. Angenyamaza tu. Asingehitaji hata kusema uongo. Na wivu, tuseme ukweli, haukuwa umekwisha. Ulikuwa palepale, mgumu kama mwamba, unangoja.

"Si mimi," alisema. Sauti yake ilitoka kama mtu anayevutwa jino. "Ni wewe. Wewe ndiye Siwatu aliyemwona."

Somo alicheka. "Mimi? Mimi nisiyejua hata vilima vile vinaitwaje? Usinitanie, mama."

"Ulikuwa umekaa. Ukalamba jiwe."

"Nikalamba jiwe!" Somo alishika mbavu kwa kucheka. "Nani analamba jiwe?"

Siwatu alimkalisha kwenye mkeka, akakaa mbele yake, akaanza. Alimweleza siri ya ulimi. Somo hakuamini. Alimweleza jinsi alivyopiga kelele, na maneno yenyewe. Somo alitikisa kichwa. Alimweleza paja, mbavu, vigelegele, mkono wa Mpimaji uliomrudisha nyuma yeye na kumwelekea mwingine. Akasimama akaonyesha hata hatua zake mbili, na namna alivyotengeneza kanga kifuani. Somo alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee anayekataa sifa yake kwa unyenyekevu uliopita kiasi, akasema, "Basi, mama, basi. Tuseme tulimwona wote."

"Hatukumwona wote!" Siwatu alipiga mkeka kwa kiganja. "Mimi nilimkalia miaka kumi na mmoja nisimwone. Wewe ulimwona siku moja. Nisikilize vizuri, nitaanza upya."

Akaanza upya. Jua lilipanda, likapita utosini, likaanza kuelekea upande wa pili wa nyumba, na chungu kilikuwa kimeungua bila mtu kukijali, naye alikuwa bado anabishana, sauti imekauka, anatafuta ushahidi mwingine.